Kifurushi cha Oldonyo Sambu

Kaka Elibariki,

Tangu tulipokuzika, kazi yako ya kuandaa vifurushi vya programu nimeachiwa mimi. Wiki hii nusura initoe roho.

Ofisini Sokon imeletwa kompyuta mpya, prosesa yake kali. Bosi akataka ile programu yetu ya kufuatilia ubaridi wa friji za chanjo iende kasi zaidi. Akaagiza kompaila, ile inayogeuza maandishi yetu kuwa lugha ya mashine, itumie kila uwezo wa prosesa ile.

Nikamwambia, "Bosi, zahanati zina mashine za zamani. Kaka Eli alilikataa hili."

"Eli hayupo," akanijibu.

Neno hilo... Basi. Kifurushi kikatoka kwenda zahanati zote.

Asubuhi yake akapiga simu Sista Naserian, nesi wa zahanati ya Oldonyo Sambu. "Dada Neema, programu nikiifungua inajifunga. Umeme ulikatika, sijui friji ilifika joto gani. Akina mama wamejaa nje. Nichanje au nisichanje?"

"Usichanje kwanza, Sista. Usikate simu."

Mashine yake ilikuwa ikipewa amri isizozijua. Nikafuta maelekezo ya bosi, nikarudisha yako, yale ya kawaida ambayo hata prosesa kongwe huyaelewa. Nikakiunda kifurushi upya, nakusikia ukiniambia, kikombe chako cha chai ya tangawizi mkononi, "Neema, mashine yako si mashine ya mwenzio."

Mtandao ukasuasua. Kifurushi kikakwama njiani, nikakituma upya. Kwenye simu watoto wanalia, na mama mmoja anasema anaondoka, ng'ombe hawajanyweshwa.

"Subiri kidogo, yeyo," Sista akamsihi yule mama kwa Kimaasai.

Kisha kifurushi kikafika, Sista akaifungua tena programu.

"Imefunguka. Kumbukumbu za kipimajoto cha friji zinaonyesha ubaridi haukupotea, naanza kuchanja. Asante Yesu."

Bosi alikuwa amesimama nyuma yangu. Akasema polepole, "Rudisha utaratibu wa Eli." Nikaenda chooni, nikalia.

Sasa kila aina ya prosesa ina kifurushi chake. Nakuahidi, hakitatoka hata kimoja kabla sijakijaribu kwenye mashine dhaifu kuliko zote.

Jumapili baada ya ibada nitapita Moshono kwa mama yako. Bado huniuliza mwanawe alikuwa akifanya kazi gani hasa, nami hushindwa kumweleza. Safari hii nitampigia Sista Naserian, nimpe mama simu.

Pumzika, kaka yangu.

Neema