Pistoni Kwa Sufuria ya Ugali

Kondele, Jumamosi

Dada Becky mpendwa,

Sasa hivi nimemtoa Shantel valvu ya injini mdomoni. Alikuwa anaifyonza kama muwa, mate meusi yanamtiririka mpaka kifuani. Nimemsugua ulimi na kitambaa hadi nikalia mimi, yeye anacheka.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu aliitumbukiza kwa beseni lake la kuoga, ambalo siku hizi limejaa dizeli. Shemeji yako Wechuli huoshea humo vyuma vya injini ya lile gari kuukuu la Pijo la marehemu baba yake. Aliifungua humu ndani, eti nje itaibiwa. Jana nilimkuta anachemsha pistoni kwa sufuria yangu ya ugali.

"Lazima ipate moto ndiyo pini iingie, Mama Shantel," akaniambia, huku anaigeuza na mwiko!

Nilitapika, Dada. Chai inanuka grisi, shuka zinanuka grisi, hata nywele za mtoto. Nikamwambia injini isipowaka leo, mimi na Shantel tunakuja kwako Ahero na haturudi. Alimchukua tu mtoto akamfuta vidole, kimoja kimoja, polepole.

Tangu asubuhi yuko nje na mafundi wenzake wanaifunga kwa gari. Nguo zetu nimeshapanga. Ngoja, ananiita: "Mama Shantel! Njoo uwashe wewe, mimi naogopa!"

Dada, niombee iwake, kwa sababu kusema kweli mimi sitaki kumwacha.