Neno Moja Likamfisha Mume wa Mgeni

Mpendwa mshauri, Bi Shariffa, shikamoo. Naomba unishike mkono, peke yangu nshashindwa. Mimi ni msichana wa Kikwajuni, nnafanya kazi mapokezi katika hoteli moja huko Kendwa, na Kiingereza changu ni cha skuli, kile cha kufaulia mtihani, lakini mtu akikukazia macho kinakukimbia. Wiki iliyopita mgeni wetu, Bi Ingrid, alikuwa akimngoja mumewe aliyekwenda mjini kununua viungo, saa zinapita hajarudi, mara dereva wao Makungu akanipigia simu kwamba gari imeharibika Mahonda lakini wao wazima, wanangoja fundi, nikamwendea yule mama mbio nimpe habari, na kwa kuwa nilijua kuchelewa ni "late", nikamwambia gari imeharibika na dereva amepiga simu kuhusu "your late husband", wala sikujua kuwa neno hilo likimtangulia mtu namna hiyo maana yake ni marehemu. Akanikamata mkono akaniuliza yuko wapi, nami kwa kutaka kumtuliza nikasema "he is resting in peace", nikidhani nnasema amepumzika kwa raha zake, kumbe Wazungu hayo huyaandika makaburini.

Bi Shariffa, yule mama alianguka sakafuni kama nguo iliyotoka kambani. Nikakaa chini nikamshika, nnalia naye, nnasema "he did not died", hata Kiingereza cha kumfufua mtu nacho nikakikosea, mpaka mwenzangu Borafya akampigia Makungu na kumwekea mama simu sikioni, akasikia sauti ya mumewe.

Tangu siku hiyo wenzangu wananiita Marehemu. Meneja wetu, Bwana Abdulwahid, hakunigombeza, alisema nikitulia nafasi yangu ipo, lakini mwenyewe nimeomba nikafue mashuka, na Bi Ingrid akija kuniulizia najificha nyuma ya mashine, na keshokutwa anaondoka. Mama yangu anasema nirudi nyumbani nikauze maandazi. Je, niache kazi?

Wafaa, Kikwajuni

*

Marahaba, Wafaa. Barua yako uliituma kwa simu, mgeni bado yupo na gazeti halijatoka, kwa hiyo nilikupigia papo hapo, na nilikugombeza. Mtu uliyemliza anakutafuta, nawe umejificha na mashuka? Kukosea neno ilikuwa bahati mbaya. Kujificha ndiko kulikokuwa kukosa adabu.

Jioni ukanipigia wewe, na kwa ruhusa yako nawaeleza wasomaji. Ulimkuta bustanini na mumewe, ukamwomba radhi. Akakwambia angekuwa na hasira angemtafuta meneja, si wewe. Alitaka kukushukuru, kwani wengine walisimama wakitazama, na wewe ndiye uliyekaa naye chini usimwachie. Kisha akajaribu Kiswahili chake: "Mimi nimeoa mume mzuri." Ukamwambia taratibu kwamba mwanamke huolewa, mkacheka wote watatu. Je, ulimdharau kwa kukosea? Hukumdharau. Basi na nafsi yako ifanyie hivyo hivyo.

Sasa nisikilize. Kazi huachi. Mume akichelewa, sema "your husband is late", neno likae mwisho. Ukiliweka mbele yake umeshamzika. Na "did" ikishasema kuwa jambo limepita, kitendo hakirudii kusema: "did not die", basi. Kukariri neno mojamoja ndiko kulikokuponza, kwa hiyo jifunze sentensi nzima zile unazozihitaji pale mapokezi, na Borafya akusikilize mnapopumzika. Ukiwa huna hakika, muunganishe mgeni na mtu wake kwenye simu kwanza, maelezo yatafuata. Anayekuita Marehemu mwambie jina lako mara moja, bila ugomvi, kisha usiitike. Mama yako mwambie kwa heshima kuwa maandazi hayo utakuja kuyala, kuyauza bado.

Asubuhi vaa sare yako, ukae mapokezi, na mgeni wa kwanza akitokea mlangoni, uanze wewe kumsalimia.