Mama Mdogo na Fimbo ya Mama

Shoga, acha unachofanya usome hii.

Si unajua Mama aliambiwa aende kliniki ya magoti na ndugu asiyeumwa, wote wapimwe damu na mkojo, walinganishwe? Mama Mdogo akajitolea. Njia nzima anaicheka fimbo ya Mama: "Huyu mume wako mpya hakuachi hata chooni!"

Leo majibu. Daktari anasema goti la Mama litaendelea kuuma, lakini gegedu linalokinga mifupa isisagane haliliki kwa kasi. Mama Mdogo akapiga makofi: "Si nilisema anadeka!"

Daktari hakucheka. Akamgeukia yeye, shoga.

"Damu yako wewe ndiyo inayonitia wasiwasi. Inaonyesha gegedu lako linalika haraka."

"Mimi, daktari? Nasuka watu kutwa nimesimama, siumwi popote!"

"Bado."

Bado! Mama Mdogo akainama kuyashika magoti yake. Mama Mdogo huyu huyu!

Tukafika kwenye ngazi. Mama Mdogo akasimama pale juu, anaziangalia kama hajawahi kuziona. Mama akamnyooshea fimbo.

Na yeye, shoga, akaipokea.