Miunganisho Ishirini

Iloilo, 3 Novemba

Kaka Anto,

Habari za Singapore? Huku tu wazima. Mama magoti yanamsumbua, lakini bado anapika na kulalamika kwamba huandiki.

Nina shida na ile tovuti uliyoliachia kundi letu, ya kutafuta waliopotea wakati wa tufani. Inakwenda vizuri saa mbili tatu, kisha inaganda. Mtu anaandika jina, anabaki kusubiri. Tukiizima na kuiwasha, inaamka. Msimu haujaisha, naogopa. Nisaidie, hata kama tuliachana kwa kununiana.

Mdogo wako,
Delfina

Singapore, 5 Novemba

Mdogo wangu Delfina,

Nimefurahi kusikia mko wazima. Mimi sijambo, mafua tu ya kiyoyozi.

Hilo ni jambo dogo. Kila anayetafuta jina, programu inaazima muunganisho mmoja wa kufikia hifadhidata, palipo na majina yote, ikimaliza inaurudisha. Niliweka ishirini. Watu wamezidi, basi weka mia mbili. Nilisema mtanihitaji.

Kaka yako,
Anto

Iloilo, 19 Novemba

Kaka,

Natumaini hujambo. Mama mzima, tumepoteza mabati ya jikoni tu.

Niliweka mia mbili. Tufani ilipopiga Jumatatu, hifadhidata ilielemewa, ikawa inaanguka kila tukiiwasha. Mama Pasing, yule muuza samaki, alishinda kituoni kwetu siku tatu akimtafuta mumewe, Berto Peña. Kila nikiandika jina, kimya. Alhamisi, tulipoweza kuifungua orodha nzima, ndipo tukamwona. Alikuwa amehifadhiwa shuleni ng'ambo ya mto, na jeraha la mguu lilikuwa limemuua asubuhi hiyohiyo.

Mama Pasing aliniuliza, "Jina lake lilikuwamo tangu lini?"

Nikamjibu, "Tangu Jumanne, walipoliandika kule shuleni."

Aliomba maji ya kunywa.

Nimeisoma programu mstari kwa mstari. Watu hawakuzidi. Jina likiwa na herufi ñ, hitilafu inatokea, kazi inakatizwa, na muunganisho haurudishwi. Kila Peña anaondoka na mmoja mpaka yote inakwisha. Nimerekebisha, sasa muunganisho unarudi hata kazi ikiharibika, na ishirini inatosha.

Sehemu hiyo uliandika wewe. Ulijua?

Delfina

Singapore, 11 Desemba

Mdogo wangu,

Sijui kama unazitaka salamu zangu. Mama anaendeleaje?

Nilijua. Niliona kosa wiki ile ninaondoka. Mlikuwa mmemchagua mwingine kuongoza kundi, nami nilikuwa na hasira. Nikajiambia, itawagandia kidogo, watanipigia. Ulipoandika niliona aibu kusema, nikakupa ile mia mbili. Nilidhani muda upo.

Barua hii nimeianza mara nne. Niambie nifanye nini.

Kaka yako, kama bado,
Anto

Iloilo, 30 Januari

Kaka Anto,

Mama hajambo. Krismasi alikuwekea sahani. Sijamwambia.

Nimekaa na barua yako wiki saba. Siku nyingine niliisoma nikakuchukia, siku nyingine nikakuonea huruma, na siku hizo hazikufuatana kwa mpango wowote.

Umeuliza ufanye nini. Mama Pasing anadhani kosa lilikuwa langu, na bado ananisalimu kwa upole. Sikukanusha. Njoo umwambie wewe. Usimwandikie, wala usimpigie simu. Meza yake ni ya tatu kutoka mlango wa kusini wa soko, na huwapo mpaka saa sita mchana.

Ukitoka kwake, hata akikufukuza, njoo nyumbani tule.

Mdogo wako,
Delfina