Skrini ya Kushoto

Kwako Kaka,

Pokea salamu zangu, za shemeji yako na za mama, ambaye ameniamuru niandike kwamba goti lake limetulia na kwamba humpigii simu mpaka akutafute yeye. Natumaini nyote hapo kwako hamjambo, shemeji kifua kimemwachia, na watoto wanaendelea kukushinda kwa kula. Sisi tupo, tunapumua, na duka langu la ufundi linafunguliwa kila asubuhi. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu wewe unanichekesha, na nikishacheka siwezi tena kusema yote niliyokusudia. Habari hizi si za kuchekwa. Ni za macho yangu, na naogopa kwamba ni za macho yako pia, kwa hiyo soma mpaka mwisho hata kama utaudhika njiani.

Ugonjwa wangu wa siku zote unaujua. Wenzangu wakipata chochote hununua viatu, mimi hununua kitu chenye taa na vibonye. Wewe ndiye uliyeniita Waya, siku nilipofungua redio ya mama nimtafute anayesema mle ndani, na jina likaganda. Sasa nina kibodi inayolia kila herufi, shemeji yako anasema ni kama kulala jirani na mtu anayebangua karanga. Nina saa ya kuamsha yenye magurudumu, ikilia inakimbia chini ya kitanda mpaka uifukuze. Mama aliipiga fimbo akidhani ni panya. Lakini hakuna raha kama kuunda kompyuta kwa mikono yangu mwenyewe. Unachagua boksi lenye ubavu wa kioo, unaweka prosesa mahali pake huku umebana pumzi, unapanga nyaya vizuri kama nywele za bibi harusi, halafu unabonyeza swichi. Feni zote zikizunguka kwa pamoja, moyo wangu hufurahi kitoto, na sioni aibu kusema.

Mwaka huu niliunda ile niliyokuwa nikiiota. Nilipanga skrini tatu kwa upinde juu ya meza ya chakula, nikafunga usukani mbele, pedali chini, na mchezo wa kuendesha malori. Nilichagua malori kwa ajili yako, ukija likizo nikushinde hapa ambapo huwezi kunitambia. Nikakaa Jumapili mchana, nimejaa furaha mpaka shingoni. Upande wa kulia, safi. Upande wa kushoto, magari yakawa yanazuka: barabara tupu, halafu ghafla gari liko ubavuni mwangu na nimeshaligonga. Nikasema skrini ya kushoto inachelewa.

Sisi mafundi tuna sheria moja: badilisha kitu kimoja kimoja, ubovu utamfuata mwenye nao. Nikabadilisha waya. Nikahamisha skrini ya kushoto kulia na ya kulia kushoto, ubovu ukabaki kushoto. Nikaazima dukani kadi inayotoa picha, nikaichomeka, yaleyale. Nikigeuza kichwa kuikagua ile skrini, haina dosari hata moja, kama mtoto aliyelia homa kutwa halafu anacheza mlangoni kwa daktari. Nikaibeba mpaka kwa aliyeniuzia, nikamwambia mbele ya wateja kwamba ameniuzia takataka. Aliipima taratibu, akasema skrini hii ni nzima kuliko mimi. Niliona amenitukana, na nikatoka bila kuaga.

Aliyegundua ni shemeji yako, ambaye hajawahi kuendesha hata toroli. Alikaa kwenye kiti changu, akayakwepa magari ya kushoto yote huku akiniuliza nini hasa kinachelewa. Kisha akanikalisha, akaniambia nitazame mbele tu. Akashika mwiko karibu na sikio langu la kushoto, akausogeza polepole kuelekea usoni, akaniomba niseme nikiuona. Nilingoja kimya, nikadhani hajaanza. Nilipouona ulikuwa umekaribia pua. Alirudi jikoni na mwiko wake, na mimi nikabaki pale nikifikiri kwamba mezani nilikuwa nimebadilisha kila kitu isipokuwa aliyekaa kwenye kiti.

Daktari wa macho ni mama mmoja mpole. Aliniweka kidevu kwenye mashine yenye vitaa vidogo, na nikwambie ukweli, niliipenda ile mashine. Nilimuuliza ndani ina nini mpaka akaniomba ninyamaze nipimwe. Baadaye alinieleza kwamba ni presho ya macho. Haiumi, haiwashi. Inakula kuanzia pembeni, na ubongo unaziba tundu kwa kubuni kilichopaswa kuwapo, ndiyo maana mwenyewe hujui. Kushoto imekula sana, kulia imeanza. Kilichokwenda hakirudi, dawa ya matone ni ya kulinda kilichobaki, kama kitalindika. Siku hizi kazi za kulehemu vitu vidogo nampa mwenzangu, na mimi nafungua boksi na kufuta vumbi kwa brashi. Naogopa, Kaka. Asubuhi nikifumbua macho nahesabu kwanza pembe za dari.

Ndipo daktari akaniuliza habari za baba. Nikamweleza kwamba alikuwa fundi wa kupaka rangi, na kwamba wateja walimwita Robo Ukuta kwa sababu aliacha kingo bila rangi na kuapa amemaliza. Nikamweleza jinsi majirani walivyomwona ana majivuno, anapita watu bila salamu, na jinsi alivyoingia mbele ya gari mchana kweupe. Sote tulisema ni pombe. Wewe ulisema zaidi yetu, na hukuja kumzika. Niliporudi nilimuuliza mama. Akasema katika ndoa yao yote baba hakuwahi kuonja hata tone, ila mwaka ule wa mwisho alikuwa akitembea mkono mmoja ukutani, na alimkataza asituambie. Daktari anasema ugonjwa huu hutembea kwenye damu. Ndugu wote tupimwe, hata anayejiona ana macho ya mwewe.

Sasa nije kwako. Umevunja kioo cha pembeni cha lori, cha kushoto, ukanisimulia tukacheka. Ukakwangua nguzo ya geti la yadi, kushoto, tukacheka tena. Halafu yule mama wa baiskeli. Uliniambia umeapa mbele ya polisi kwamba barabara ilikuwa tupu, kwamba alizuka tu. Kaka, mimi nilimwambia muuza skrini neno hilohilo. Yule mama bado amelazwa na nyonga imevunjika, na hakuna anayejua kama atatembea. Nimekusihi kwenye simu uende ukapimwe, ukajibu kwamba unasoma namba ya gari lililo ng'ambo ya daraja, na kwamba utakwenda ukirudi safari. Ukarudi, ukaondoka tena. Nakubali unasoma. Hata mimi nasoma, na barua hii nimeichapa mwenyewe. Mbele huwa pazima, na hapo ndipo ugonjwa huu unapotudanganya.

Basi nimefanya jambo ambalo mdogo hamfanyii mkubwa wake. Nimempigia tajiri wako. Nimemweleza habari za baba, zangu, na za kioo ulichovunja bila yeye kujua. Alikuwa na hasira, kisha akapoa, akakubali kwamba hutagusa lori mpaka ulete cheti cha daktari. Ndiye niliyempelekea barua hii, na nilimwomba akukabidhi ukishazima injini, kabla hujapakia mzigo mwingine. Sikukuonya kwa sababu nakujua. Ungeondoka kabla hajakufikia.

Najua lori hilo ndilo linalowasomesha wanao, na najua utasema nimekuchoma. Ni kweli, nimekuchoma. Daktari akisema macho yako ni mazima, nitakuja nipige magoti hapo yadini mbele ya madereva wenzako, na unaweza usinisemeshe tena maisha yako yote, nitavumilia. Akisema kinyume, njoo kwetu. Kitanda kipo, na mama hajui bado habari za macho yako, atataka kukushika mkono.

Msalimie sana shemeji. Wabusu watoto, na uwapeleke wapimwe wote, hata yule mdogo anayejua kuhesabu mpaka tano tu. Shemeji yako anakusalimu, analia huku nikichapa, usimlaumu kwa lolote.

Mpe funguo, Kaka. Yuko hapo mbele yako anangoja umalize kusoma.

Ni mimi mdogo wako,
Waya