Kibao cha Chemchemini

Mjukuu wangu Kwamboka,

Barua yako tumeichukua posta. Sisi wazima, na mama yako amepona malaria. Umeniuliza maneno ya Kiingereza ya kulinda, "guard" na "protect", yanatofautianaje. Muulize mwalimu wako. Mimi hilo la pili bado linanipandisha hasira.

Nilipokuwa msichana, afisa alisimika kibao kwenye chemchemi yetu hapa Kiogoro: "Protected". Karani akatuambia maji yetu sasa yatalindwa. Tulishangilia, tukamchinjia afisa jogoo. Wiki iliyofuata tulikuta seng'enge, na askari akanifukuza na mtungi wangu mtupu.

Mtu akikwambia analinda kitu chako, muulize nani hatakiwi kukigusa. Sisi hatukuuliza. Tulikuwa jikoni, tukimpakulia firigisi ya mgeni wa heshima!

Nyanya yako