Nani Anafuta Samaki Wangu?

Mpendwa mshauri, nisaidie kabla sijaung'oa huu waya wa kompyuta na kuutupa kisimani, maana nimechoka kuishi na mtu nisiyemwona ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Mimi ni mjane wa hapa hapa Krishnanagar, naishi nyumba moja na shemeji yangu Sukhendu, kaka wa marehemu mume wangu, na mkewe Hemnalini ambaye namwita Dada kwa sababu ndiye mkubwa wa nyumba na hakuachii uusahau ukubwa wake. Kompyuta ni moja, iko ukumbini, tunaitumia sote, Dada kwa nyimbo zake za ibada, shemeji kwa kusoma magazeti, na mimi mchana wenzangu wakishalala. Aliileta mwanangu Tubai, yuko Bengaluru, kazi yake ni kutengeneza kompyuta za watu walio mbali bila kuinuka kitini, na humo ndani akaweka programu ya kuingilia, akaniambia, "Ma, ikikwama wewe nipigie tu, nitaingia kutoka huku huku niirekebishe." Nikaona mtoto ana akili.

Sasa sikia aibu yangu. Tangu baba yake Tubai afariki sijagusa samaki, mila yetu Wahindu unaijua, mjane hali samaki wala nyama wala kitunguu, na mimi niliyesifiwa mtaa mzima kwa samaki ilish wa haradali leo nachemsha mboga kwenye jiko langu la pembeni huku Dada akikaanga samaki rui mpaka wanageuka makaa, na siwezi kusema neno. Basi mchana natazama video za kupika samaki. Natazama tu, mshauri, nakuapia sijala hata mwiba, sauti naipunguza hadi nisikie tu mafuta yanavyochachatika, roho inatulia, nazima.

Siku moja niko katikati ya ilish, kipanya sijakigusa, mikono iko mapajani, mara mshale ukaanza kutembea wenyewe, polepole, ukashuka hadi kona ya chini, ukabofya, na ile picha ndogo ya video ikapanuka ikajaa kioo chote. Nilizima ukutani nikakimbilia chumba cha sala nikajifanya napanga maua.

Haukupita muda Dada akanianza mezani. "Mama Tubai, hii kompyuta siku hizi inanuka. Nafungua nyimbo zangu za ibada, naletewa vichwa vya samaki! Ni nani humu ndani mwenye njaa?"

Shemeji akacheka. "Labda paka."

"Paka gani anavaa miwani?" akasema Dada, akanitazama mimi na miwani yangu.

Shemeji akaona ni kichekesho, akamsimulia hadi Tubai kwenye simu. Na tangu hapo kila nikifungua, samaki wote niliowatazama hawapo kwenye orodha, wamefutwa, na mahali pao nakuta mapishi ya maboga na maua ya mgomba, video ambazo mimi sijazitazama na Dada hajazitazama. Nani anawafuta samaki wangu, na anawapeleka wapi? Nadhani anawakusanya wawe ushahidi. Nilimshuku Dada, lakini Dada hata kuwasha anaita mtu. Sasa namshuku mwanangu wa kumzaa, najisikia vibaya kuliandika, ila kila akipiga simu anauliza, "Ma, unakula nini siku hizi?" Kwa nini aulize? Nikamjibu, "Chakula." Akasema, "Nakuja kwenye kumbukumbu ya Baba. Tutaongea." Tutaongea nini, mbele ya ukoo mzima?

Mshauri, kila asubuhi mimi ndiye ninayemwogesha Gopal, mungu wetu mtoto, namvisha, namlisha, namlaza. Ndicho kitu pekee nilichobakiwa nacho katika nyumba hii. Dada ameshasema mjane mwenye uchu wa samaki hagusi madhabahu, na nikiumbuka, ufunguo wa chumba cha sala unahamia kiunoni mwake siku hiyo hiyo. Niung'oe waya? Nimkabili mwanangu? Au nikiri kwa Dada kabla sijaumbuliwa? Tafadhali usinitaje jina.

*

Mama Tubai, kwanza waya uache ulipo.

Unataka nifiche jina lako, nawe umeniandikia majina ya ukoo mzima. Nimeyabadilisha yote, isipokuwa la Gopal, ambaye hana neno na mtu.

Pole. Kuona mshale unatembea bila mkono ni jambo la kumtoa mtu jasho, na kushuku ulishuku sawa, kwa sababu nyumba ambayo mtu anaingia kutoka Bengaluru bila kubisha hodi haina mlango. Ila ulishuku umefumba macho. Mpelelezi gani anakukuzia picha? Huyo aliona unamtazama samaki mdogo pembeni ya kioo, anaijua miwani yako, akakusogezea. Na anayekusanya ushahidi anautunza, haufuti, wala hapandi maboga mahali pake ili Hemnalini akitafuta nyimbo asikutane na kichwa cha rui. Alianza lini kufuta? Shemeji yako alipopiga domo kwenye simu. Mama, huyo anakuficha.

Hata hivyo simsafishi. Mtoto kumchungulia mama yake, hata kwa huruma, ni kukosa adabu. Tena mimi nina shaka kuliko wewe: nasema ni Tubai, lakini sijamwona, na yeyote mwenye neno la siri la programu ile anaweza kuingia. Kwa hiyo mshale ukitembea tena, usikimbilie maua. Fungua ukurasa mtupu, andika, "Wewe nani?" Kisha muulize jambo la nyumbani ambalo Tubai peke yake analijua. Jibu likikosewa, zima, njoo ofisini kwetu, twende polisi wote wawili. Likiwa sahihi, mgombeze hapo hapo. Aiweke programu iombe ruhusa kila anapotaka kuingia, na wewe ndiye ukubali au ukatae. Kisha akutengee sehemu yako kwenye kompyuta yenye neno lako la siri, samaki wako wasiingie kwenye nyimbo za Hemnalini, wala pua ya Hemnalini isiingie kwa samaki wako.

Kwa Hemnalini usikiri kitu. Utakiri nini, kutazama? Kama kuacha samaki ndiyo namna yako ya kumlilia mumeo, waache, na nakuheshimu. Lakini kama unawaacha kwa kumwogopa mtu ambaye hata rui anamuunguza, usimsingizie marehemu. Mimi pia ni mjane. Nakula samaki kila Jumapili, na kesho yake asubuhi taa ya madhabahu yangu naiwasha kwa mkono huu huu.

Hilo utaliamua wewe, si mimi, si Hemnalini, wala si mwanao. Ila jambo moja lisingoje siku ya kumbukumbu. Kijana yuko peke yake mbali huko, kila akipiga simu anakuuliza unakula nini, nawe unamwambia "chakula". Mpigie leo, umjibu.